Jina Lilikuwa Nyuma Yangu

Nilisimama mbele ya jeneza la mama yangu, kipaza sauti mkononi, nikashindwa kutaja jina lake.

Si kwa sababu ya kilio. Kilio watu wangekielewa. Macho yangu yalikuwa makavu na sauti ilikuwa ikitoka vizuri. Nilikuwa nimeshawasalimu, Bwana asifiwe, tena Bwana asifiwe, na kanisa zima pale Beltsville, hapa Marekani, likaitikia. Kwetu kifungua mimba ndiye huitambulisha familia siku ya mazishi. Nikasema, "Mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu," na mahali palipofaa kuwa na jina nikakuta pako wazi, kama ufizi uliong'olewa jino. Ufizi wa namna hiyo mimi naujua kwa ulimi. Nikapapasa. Hamna.

"Taja jina la mama," anti akaninong'oneza kutoka kiti cha mbele. Si ndugu wa damu. Ni rafiki ya mama aliyepanga naye chumba walipofika nchi hii, na tangu hapo nimemwita anti.

"Marehemu," nikarudia.

"Jina, baba. Jina!"

Karatasi ya ibada nilikuwa nayo, lakini miaka hii herufi ndogo zinanikimbia. Nikamtazama dada yangu. Alikuwa akitamka kitu bila sauti, polepole, nami nikabaki naangalia midomo ikifunguka na kufungika, neno silipati. Hapo ndipo mtu wa safu za nyuma akasema, kwa ule mnong'ono unaotaka kusikika:

"Huyu amelewa. Hata leo, jameni?"

"Si ni wale wa michezo," mwingine akamjibu. "Hao huanza asubuhi."

Dada yangu akaja, akanitoa kipaza sauti mkononi taratibu, akalitaja jina la mama kwa lafudhi ya hapa, kama mtu anayeita wagonjwa kwenye foleni ya hospitali. Mimi nikarudi kukaa.

Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba jina lilikuwa nyuma yangu muda wote. Lilikuwa kwenye skrini juu ya kwaya, pamoja na picha yake akiwa na kofia nyeupe ya kina mama wa kanisa, herufi kubwa kama mlango. Ningegeuza shingo tu. Kumbe nilikuwa nimesimama upande mbaya. Mtu aliyeishi maisha niliyoishi mimi ataelewa kwa nini hilo liliniuma kuliko lile la ulevi. Ninyi wengine ngojeni, nitafika.

Sikuwa nimelewa. Pombe niliacha zamani, maana ilikuwa inanipandisha maumivu ya kichwa. Katika kanisa zima aliyeniamini ni mama mmoja Mkongomani, aliyekuwa akifanya kazi na mama yangu katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuja na sahani mbili kwenye ukumbi wa chakula, akanipa moja, akaketi.

"Miye nilikuwa pembeni yako tangu asubui," akasema. "Pombe sikuisikia. Nilisikia ile mafuta ya kujipakala magoti tu. Unanukia sawa pharmacie, duka ya dawa."

Nikacheka, na mdomo umejaa chapati.

"Asante, mama."

"Asante ya nini? Kula."

Hayo ndiyo niliyopewa siku ya kumzika mama yangu: chapati, na ushahidi wa pua ya mtu mmoja.

*

Nilikuwa darasa la sita Nakuru mama aliponiita nimfuate. Yeye alikuwa ametangulia. Kiswahili hiki ninachoandika ni cha mwalimu wa darasa la sita, sikuongeza kingine. Kiingereza nilikijulia kwenye barafu, na Kiingereza cha kwenye barafu hakiandikwi mbele ya watu wazima.

Mchana mama aliosha wazee. Jioni alisafisha uwanja wa barafu huko Virginia, vyoo na ngazi za mashabiki. Dada yangu alikuwa bado hajazaliwa na mimi sikuwa na wa kuachiwa, kwa hivyo nilikaa pale kwenye baridi nikimngoja. Mzee aliyeendesha lile gari la kulainisha barafu aliona nimejikunyata, akanitolea viatu vya kuteleza kutoka sanduku la vitu vilivyosahaulika. Cha kushoto kilikuwa kikubwa kuliko cha kulia. Nikaanguka mpaka makalio yakazoea. Mama alikuwa akipita na ndoo ananiambia, "Utajivunja wewe, na mimi sina likizo." Lakini hakunikataza. Alikuwa anaona nimenyamaza kulia usiku.

Nikakua. Watu wa kwetu si wafupi, na mimi nikapitiliza. Kabla sijamaliza shule ya sekondari akaja mtu kwenye nyumba yetu, kocha wa timu ya vijana ya mbali, akala chapati za mama na kusifu kila kitu hadi pazia. Hakusema hata mara moja kwamba nateleza vizuri. Alisema nina mwili. Mama akamwuliza jambo moja tu: "Na masomo?"

"Atasoma hukohuko, mama. Tuna mpango."

Mpango wenyewe ulikuwa basi. Darasa sikuliona tena. Wa kwanza wa kulaumiwa ni huyo, na chapati zetu bado anazo tumboni.

Sasa niwaeleze kazi, hoki, ule mpira wa magongo wa kwenye barafu, maana watu wetu hawakuijua. Kanisani walijua nacheza "mpira", wakaniuliza kama nitawapatia tiketi za ile timu kubwa ya mjini, ile inayoonyeshwa kwenye televisheni. Mimi nilicheza timu ambazo hata wenyeji wa miji hiyo hawakuzijua. Ligi za chini kabisa. Mwaka huu mji huu, mwaka ujao mji ule, na katikati ya msimu unaitwa kando ya mashine ya barafu kwenye korido ya hoteli, unaambiwa umebadilishwa na mchezaji mwingine, basi linaondoka na wewe hulipandi. Nguo zangu nilizoea kuziweka kwenye mfuko wa takataka, ule mweusi, kwa sababu begi la timu lilikuwa la timu.

Na kufunga magoli haikuwa kazi yangu. Siku hizo kila timu ilikuwa na mtu wa ngumi. Mchezaji wenu mzuri akiumizwa, mtu wa ngumi anatumwa kumshughulikia aliyemwumiza. Mnatupa glavu, mnashikana jezi, mnapigana usoni kwa mikono mitupu huku mmesimama juu ya vyuma, na refa anasogea pembeni anaangalia. Watu wanasimama kwenye viti. Wakati mwingine wowote hawasimami. Kisha unapelekwa kwenye kibanda cha adhabu, unakaa peke yako nyuma ya kioo, na mtoto wa mtu anakuonyesha kidole.

Hakuna aliyewahi kuniambia, "Kapigane." Sikieni vizuri, maana ndivyo wanavyojitetea mpaka leo. Kocha alikuwa anapita nyuma ya benchi na kunigusa bega. Mara mbili, kwa vidole, kama unavyobisha mlango wa choo. Basi. Unaruka ukuta, unaingia.

Sikupata rafiki. Wenzangu walinipenda kwenye barafu na kunisahau kwenye basi. Mtu wa ngumi huogopwa kidogo hata na wa kwao, tena mimi nilikuwa mweusi peke yangu, miji ambayo hata duka la nywele zangu halikuwepo. Nilijinyoa mwenyewe kwenye sinki. Sikukuu nililala nyumba za wageni waliojitolea kutukaribisha wachezaji. Watu wema, lakini walinipa chumba cha mtoto aliyehama, nikalala chini ya picha za mtoto wa watu. Nilimpigia mama kwa kadi ya simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umeomba?"

"Nimeomba, mama."

"Hao watu wanakutunza?"

"Wananitunza."

Kadi ikiisha inakata bila kwaheri. Nilikuwa nabaki nimeshika simu. Sikumwambia kwamba nikiamka siku nyingine dirisha linakuwa upande ambao sikuliacha.

*

Sasa nifike kwenye upande.

Timu ile niliyoichezea muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya mji mmoja wa milimani, magharibi ya Virginia. Mwenye timu alikuwa muuza magodoro. Jina la duka lake lilikuwa kifuani kwetu, na nilidhani ni mzaha wa Mungu, mtu wa kuangushwa chali kila wiki atangaze magodoro. Kulikuwa na kocha, yule wa vidole. Na kulikuwa na mtu tuliyemwita daktari. Hakuwa daktari. Alijua kufunga bandeji na kushona nyusi, na alikuwa na tochi ndogo shingoni.

Ukipigwa kichwa, ulipelekwa kwa huyo daktari kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikukalisha kwenye meza na kukuuliza maswali: tuko mji gani, tunacheza na nani, ngapi kwa ngapi, leo siku gani. Ukijibu, unarudi kucheza. Ukishindwa, unavua viatu. Na mtu wa ngumi anayevua viatu, wiki inayofuata ameletwa mwingine mwenye mwili kama wake.

Siku yangu ya kwanza, mchezaji mmoja mkongwe, asiye na meno ya mbele, alinivuta kando.

"Mkubwa, ukipelekwa mezani, kaa ukiutazama ubao."

"Kwa nini?"

"Kaa tu. Utanishukuru."

Kulikuwa na ubao mweupe ukutani wa kocha kuchorea mipango. Juu yake daima mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene mji, siku na timu tunayocheza nayo, na kila mapumziko mmoja wetu alipita akarekebisha magoli. Meza ilikuwa katikati ya chumba. Ukikaa upande mmoja, majibu yote yako mbele yako. Ukikaa upande wa pili, yako mgongoni. Wote tulijua. Kocha alijua. Na daktari, ambaye alisimama akiupa ubao kisogo kila mara, na hakuwahi hata siku moja kumwambia mtu ageuke, alijua kuliko wote. Tuliuona ule ni wema. Tulimpenda kwa hilo! Tukamnunulia kofia siku yake ya kuzaliwa.

Mama alikuja kuniona nikicheza siku moja tu maishani mwake. Mtu wa kazini alikuwa amemwambia kwamba mchezo wenyewe ni kupigana. Akataka aone kwa macho yake. Anti akaendesha gari la kanisa, dada yangu akiwa bado mdogo kiti cha nyuma, na wakaja hadi milimani. Niliwaona kutoka barafuni. Huwezi kumkosa mwanamke mweusi mwenye kofia nyeupe ya Jumapili katikati ya watu waliovaa kofia za mechi.

Nikaguswa bega.

Jamaa wa upande wa pili alikuwa na ndevu nyekundu na mkono wa kushoto ambao sikuambiwa habari zake. Kofia yangu ngumu ilinivuka kichwani, miguu ikatoka chini yangu, na kisogo kikafika kwenye barafu kabla ya mwili. Ule mlio niliusikia kwa ndani, kama mtu amefunga mlango wa friji. Anti ananiambia mama alishuka ngazi mpaka kwenye kioo akakipigapiga kwa mkoba wake, akilia kwa lugha ya kwao. Mashabiki wakadhani ni mshangiliaji, wakamshangilia.

Mezani nilikaa upande wangu.

"Tuko wapi?" daktari akaniuliza. Nikasoma.

"Tunacheza na nani?" Nikasoma.

"Ngapi kwa ngapi?" Nikasoma. Sauti yangu niliisikia kama ya redio ya jirani.

Hapo mlango ukafunguliwa na mama akaingia, mlinzi akimfuata nyuma anamwambia bibi hairuhusiwi, bibi tafadhali. Kofia imekaa upande. Daktari alikuwa mtu wa utani, akataka kumfurahisha mgeni.

"Na huyu bibi ni nani?"

"Mama yangu."

"Vizuri sana! Anaitwa nani?"

Nikautazama ubao. Mji, siku, timu, magoli. Mama yangu hakuwepo.

Nikamtazama yeye mwenyewe. Nilimjua. Nilijua mikono yake na harufu ya sabuni ya kazini, nilijua kovu la jiko kwenye kiganja. Lakini jina, jina nililolisoma kwenye bahasha tangu niko kwa nyanya yangu Nakuru, halikuwepo. Wenzangu wakaacha kufunga kamba.

Mama akaanza kucheka. Akaziba mdomo kwa mkono kama msichana, akamwambia daktari kwa Kiingereza chake cha nguvu, kila neno limesimama peke yake:

"Hawezi kukuambia. Kwetu mtoto hamwiti mama yake kwa jina. Ni kukosa adabu. Mimi naitwa mama yake yeye, basi."

Ni kweli. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Beltsville nzima ilimwita Mama wa mimi. Jina lake la ubatizo lilikuwa la bosi, la hospitali na la kaburi. Alifikiri namheshimu. Kichwa kimetoka kupasuliwa kwenye barafu, na mtoto wake hamtaji mamaye mbele ya wazungu!

Daktari akaniangalia. Akawasha ile tochi yake, jicho hili, jicho lile, akarudi kwenye la kwanza. Alikaa pale. Kwa kawaida alikuwa anamulika na kuzima kama mtu anayetafuta swichi. Siku ile alikaa, na uso wake ukabadilika, utani ukamtoka. Nilimwona anaona. Haki ya Mungu nilimwona.

Kocha akachungulia mlangoni. "Yuko sawa?"

Tochi ikazimwa.

"Yuko sawa," daktari akasema. "Tena ana adabu kuliko ninyi wote."

Chumba kizima kikaangua kicheko, mama akicheka nao. Kocha akanigusa bega. Nikarudi, na kabla mechi haijaisha nikapigana tena, pambano hilo la pili silikumbuki hata kidogo, nimesimuliwa.

Walipokuwa wanaondoka mama alinishika mashavu kwenye maegesho. "Hukuniaibisha," akasema. Kisha, "Rudi nyumbani." Sikurudi. Nilicheza misimu mingine, timu nyingine, ubao mwingine, mpaka siku nilipotoka barafuni nikaenda kwenye benchi la wapinzani, nikakaa nao naongea, watu wakidhani natania.

*

Kisa kile mama alikisimulia miaka yote. Kwenye maombi, kwenye harusi, kwa wasichana wapya waliofika kufanya kazi ya wazee. "Kichwa kimepasuka, na bado hakunitaja!" Waliokisikia walitikisa vichwa, wakasema huyo mtoto amelelewa. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na soda. Ningefanyaje? Ningemwambia, mama, haikuwa adabu? Ndilo jambo langu moja alilojivunia mbele ya watu. Amekufa nalo msimu wa baridi uliopita.

Wiki baada ya mazishi nilienda kwa anti, nikamwambia kila kitu: ubao, meza, jina, na kwamba hata kanisani ilikuwa jambo lilelile. Alinisikiliza hadi mwisho. Akamimina chai.

"Unataka kuniambia mama yako alikuwa mjinga?"

"Sijasema hivyo, anti."

"Mimi nilikuwepo siku ile. Niliendesha gari mimi. Ulikataa kwa heshima, nilisikia kwa masikio haya. Juzi umelewa kanisani, sasa unataka kuifanya na ile ya zamani ugonjwa."

"Sikuwa nimelewa."

"Basi nani atasema?" akauliza, si kwa ubaya. "Nani alikuona? Maana mama yako hayupo."

Dada yangu yeye anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Nilipompigia akanisikiliza, kisha akasema yale ninayoweza kuyaandika hivi: kwamba ananipenda, kwamba nimwone mtu, na mbona nisingesema tu "Mom". Nikamwambia asante.

Kwa hiyo hesabuni wenyewe. Kocha amekufa. Muuza magodoro sidhani kama aliwahi kuingia chumba kile. Wenzangu sijui walipo, na wakipatikana huenda nao wanatafuta majina ya mama zao. Aliyeona ndani ya jicho langu ni mmoja.

Naishi Herndon, chumba cha chini ya nyumba ya watu, ndege zikishuka juu ya paa kwenda uwanja wa Dulles. Hukohuko ndiko kazini kwangu. Nasukuma viti vya magurudumu, wazee na waliovunjika. Uwanja wa ndege ni mahali pazuri kwa mtu kama mimi, kwa sababu kila kitu kimeandikwa kwenye ubao: mlango gani, saa gani, mji gani. Hakuna anayejua kwamba siwezi kukariri. Wananiita mwangalifu.

Majira ya kuchipua nikaitwa kumchukua mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa goti, akiwa na mkewe. Nilimsukuma kipande kirefu nikiangalia kisogo chake cha mvi, sina habari. Kisha akamfanyia mkewe utani fulani kuhusu kiti, na mgongo wangu ukaijua ile sauti kabla yangu. Nikasimama katikati ya watu.

"Daktari," nikasema.

Akageuka kwa shida. Akatazama pua yangu, mikono yangu. "Wewe!" Alifurahi, lazima niseme ukweli, alifurahi kama amemwona mtoto wake. "Mpenzi, huyu ndiye yule! Yule wa mama mwenye kofia!"

"Yule wa adabu?" mkewe akasema, akashika kifua. "Oh, ile hadithi!"

Kumbe naye alikuwa akiisimulia. Mezani kwake, kwa wageni. Mama yangu alikuwa kitoweo cha sikukuu za watu, mimi siko.

"Mama hajambo?" akaniuliza.

"Amekufa."

Wakanipa pole, pole nzuri. Nikamsukuma tena, maana ndege haingoji. Nikasema na kile kisogo.

"Daktari, siku ile ulinimulika. Ukakaa muda mrefu. Uliona nini?"

"Ah, siku nyingi hizo, Mkubwa. Wakati ule hatukujua mambo haya ya ubongo. Hakuna aliyejua."

"Sikuuliza ulijua nini. Nauliza uliona nini."

Mkewe akaacha kutabasamu. Daktari akawa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo.

"Jina lilinipotea," nikasema. "Haikuwa adabu. Na wewe uliona."

"Mama yako mwenyewe alisema..."

"Mama hakuwa na tochi."

Tukafika mlangoni. Wakaita wenye viti vya magurudumu wapande kwanza. Nikafunga breki, nikamsaidia kusimama, uso kwa uso, na kwa kitambo nikaona ule uso tena, ule wa siku ile, utani umemtoka. Nilidhani atasema. Mkewe akamvuta mkono.

"Jitunze, Mkubwa," akasema. Akanyoosha mkono, akanigusa bega. Mara mbili, kwa vidole.

Nilibaki na kiti kitupu. Kazini kuna kijana wa Kirundi aliyeniuliza kama nimezidiwa. Nikamwambia niko sawa, neno lilelile la daktari.

Basi ninakuandikia wewe, daktari, na najua hujui Kiswahili, lakini wapo watakaokusomea. Sikutaki kortini, na pole yako ulishanipa, siihitaji nyingine. Njoo Beltsville, Jumapili yoyote. Nitakutafutia kiti mbele pamoja na anti yangu, dada yangu, na yule aliyenong'ona safu za nyuma. Skrini nitaomba izimwe. Utakaa ukiwatazama watu, huna kitu cha kusoma popote, kama nilivyosimama mimi. Nami nitakuuliza swali moja, dogo kuliko yale uliyokuwa ukiniuliza mezani.

Mwanamke alisimama mlangoni pako akacheka kwa fahari, na wewe ulikuwa umeshaona ndani ya jicho la mwanawe kwamba hayupo humo. Ukazima tochi. Uliona nini? Jibu mbele yao.